Kutoka lopitali si kupona. Mutupigie simu!



Kila tukitoa tamko watu wanangoja tuongee vita. Leo tunaongea simu. Simu ya kawaida, ile ya tochi, ile mama yako anafunga na elastiki kusudi batri isianguke. Tunasema hivi: mtoto akitoka lopitali, ikiwa ya Leta, ya kanisa ao ya mtu binafsi, lopitali ile iko na deni ya kumufuata mpaka apone kweli. Na chombo cha kumufuatia kiko tayari ndani ya mufuko wa baba yake. Kama hawamupigii, si kwa sababu haiwezekani. Hakuna mtu anayewauliza juu ya nini hawapigi, njo maana.

Tuanze na namba, juu kuna watu watasema vijana wanaleta hisia. Uchunguzi mmoja mkubwa unaoitwa CHAIN ulifuata watoto 3,101 wa miezi 2 mpaka 23 waliolazwa katika lopitali za nchi sita: Kenya, Uganda, Malawi, Burkina Faso, Bangladesh na Pakistan. Waliufuata kwa miezi sita kila mwili mudogo ule. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Watoto 350 walikufa, na kati yao 168 walikufa baada ya kutoka lopitali. Soma tena. Karibu nusu ya vifo vilifika wakati muganga alikuwa ameisha kuandika kwenye fishi kwamba mtoto anaweza kwenda nyumbani.

Na kama mutasema Bangladesh ni mbali, basi tuvuke hapa Kasindi, njia ile wafanyabiashara wetu wanapita kila wiki. Mbarara, Uganda, walifuata watoto 1,307 wa chini ya miaka mitano waliolazwa na magonjwa ya maambukizo. Lopitali ilipoteza 65. Baada ya kutoka, katika miezi sita, wakafa wengine 61. Ni kama kaburi lile lile lilifunguliwa mara mbili, mara ya kwanza mbele ya waganga, mara ya pili nyuma ya nyumba, na hii ya pili hakuna mtu aliyeiandika kwenye raporo. Tukisikia lopitali fulani inajisifu kwamba vifo vya watoto vimepunguka, tuko na haki ya kuuliza: munahesabu mpaka wapi? Mpaka barriere?

Sababu si uchawi. Mtoto aliyelazwa na malaria kali anatoka na damu kidogo sana, hata kama walimuongezea. Mwili bado unaitengeneza, na anarudi kulala kwenye chumba kile kile, mbu wale wale. Yule aliyetoka na utapiamlo anarudi kwenye sahani ile ile iliyomulaza. Aliyekuwa na nimonia anaachishwa dawa siku ya tatu juu anaonekana anacheza, na kisirope kilichobaki kinawekwa kwa ajili ya mdogo wake. Wiki za kwanza njo mbaya zaidi. Kila muganga wa watoto anajua. Tangu 2022 OMS yenyewe inashauri kwamba mtoto aliyelazwa na upungufu mkali wa damu, katika fasi zenye malaria nyingi, apewe dawa ya kuzuia malaria hata baada ya kutoka. Kule Kenya na Uganda walijaribu: mara tatu, wiki ya 2, ya 6 na ya 10, na kwa wakati ule vifo na kurudi lopitali vilipunguka kwa asilimia 70. Sasa niambieni, wiki ya 6 nani atamukumbusha mama wa Kyondo? Karatasi?

Tuongee ile karatasi. Siku ya kutoka inajulikana, kila familia hapa iliipitia. Asubuhi mpaka saa nane munatafuta pesa. Saa tisa munalipa. Saa kumi, muganga amechoka, mama amechoka, motari anapiga oni huko inje, munapewa karatasi ya Kifaransa yenye mwandiko wa mtu anayekimbia. Imeandikwa rudi baada ya siku 7. Mama anaongea Kinande. Karatasi inawekwa kwenye kitambaa pamoja na kadi ya chanjo, na mambo yanaishia pale.

Dada yangu mukubwa alitoka hivyo na mtoto wa miezi 14, katika lopitali moja sitaitaja, juu ingeweza kuwa yoyote. Siku ya tano mtoto akaacha kunyonya, analala tu. Dada akafikiri dawa inamuchokesha. Ni jirani, kijana mmoja aliyesomea uganga na hana kazi, aliyepita kuomba chumvi akasema: "Dada, mtoto asiyenyonya na asiyeamuka haiko usingizi ile. Mumupeleke sasa hivi." Walimupeleka. Leo anakimbia kimbia hapa kwenye parseli na kuvunja vitu vyangu. Lakini ona hesabu yenyewe: mtoto aliokolewa na chumvi iliyoisha. Kama tungekuwa na chumvi ndani ya nyumba siku ile, sijui leo ningekuwa naandika namna gani.

Yale yule kijana alijua si siri ya chuo kikuu. Yako kwenye kitabu cha kila kituo cha afya. Je, mtoto anaweza kunywa ao kunyonya? Anatapika kila kitu? Alitetemeka mwili mzima? Analala vibaya, haamuki? Ongeza hapo: anapumua mbio? Dawa imebaki ngapi, nihesabie. Dakika tano za simu, kwa Kinande ao Kiswahili chetu cha hapa, siku ya 2, siku ya 7, siku ya 14, siku ya 30. Njo hiyo watu wakubwa wanaita telemedisini wakiwa kwenye hoteli na projekta. Hesabu mwenyewe. Tuseme lopitali inatoa watoto 10 kwa siku. Simu nne kwa kila mtoto, ni simu 40 kwa siku, dakika 200. Saa tatu na dakika ishirini. Ni nusu ya siku ya kazi ya muganga mmoja, na kitabu, na kalamu, na simu moja yenye yunite.

Watatuambia: "Hapa kuna usalama mudogo, barabara mbaya, watu wanahama, haiwezekani kufuata watu." Hapo njo tunakasirika, kwa sababu tuko na kumbukumbu.

Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020 Ebola ilikuwa hapa. Mangina, Beni, Katwa, Butembo. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa. Kwa kila mgonjwa waliandika watu wote aliowagusa, na kila mmoja wa wale alipaswa kufuatwa kila siku kwa siku 21. Kila siku! Vijana wa hapa walikuwa wanapanda moto na orodha mkononi, wanapima joto, wanapiga simu, wanatuma namba jioni. Barabara zilikuwa zile zile, vita vilikuwa pale pale. Vituo vya Katwa na Butembo vilichomwa Februari 2019, na Aprili ile daktari Richard Mouzoko, mtoto wa Cameroun aliyetumwa na OMS, aliuawa hapa Butembo kwa risasi. Na bado kesho yake kuna mtu aliamuka kwenda kuuliza jirani yake kama ana homa. Kwa hiyo tusidanganyane eti kufuata mtu mgonjwa Grand Nord haiwezekani. Iliwezekana wakati ugonjwa uliogopesha mabara mengine.

Na mwaka ule ule wa 2019 surua ilikuwa inapita nchi nzima. Mwanzo wa 2020 OMS ilihesabu vifo zaidi ya 6,000 vya surua Kongo, mingi ikiwa ya watoto. Ni zaidi ya Ebola mara mbili. Nani alipanda moto kila siku juu ya surua?

Sisemi turudishe riposti jinsi ilivyokuwa. Tuliona majipu, tuliona askari wanasindikiza sindano, tuliona watu wanakimbilia mashambani wakisikia motere ya gari. Watu walificha wagonjwa juu walioulizia walikuja kama polisi. Hiyo ni somo yetu pia: anayepiga simu awe yule yule muganga aliyemushika mtoto kwenye servisi, aliyejulikana kwa jina, anayesema "Mama, ni mimi wa chumba cha watoto, mtoto aliamukaje?" Mama atajibu. Sauti ngeni ya Kinshasa inayosoma maswali kwa Kifaransa, atakata.

Halafu fikiria wahamiaji. Kanyabayonga ilipoanguka mwisho wa Juni 2024, watu walipanda kuelekea Lubero na Butembo na magodoro kichwani. Anwani iliyoandikwa kwenye fishi ya mtoto, kartye, avenyu, chefu wa kijiji, yote ikakufa siku moja. Namba ya simu ilitembea nao. Ni kitu cha pekee kwenye fishi ile kinachojua kukimbia. Na njo kitu ambacho mara nyingi hata hawakiandiki, ao wanaandika namba moja bila kuuliza ni ya nani, inawaka saa ngapi, na kama mama ndiye anayeishika.

Hapa nasimama kidogo, juu si kila kitu ni makosa ya wakubwa. Simu ya nyumbani ni ya baba, na baba yuko kwenye karyere ao shambani. Mama anaomba simu kwa shemeji. Kuchajisha ni kulipa. Kuna vilima vya Lubero ambapo unapanda juu ya jiwe moja, jiwe lile lile kila siku, kusudi upate mtandao. Na kuna mtoto anayefuatwa juu ya VIH: muganga hawezi kumwaga siri kwa yeyote aliyepokea. Yote haya yanapangika kabla ya kutoka, kwa kuuliza tu. Namba mbili, ya nyumbani na ya jirani ao mama mkuu wa kanisa. Saa gani. Neno gani lisemwe akipokea mtu mwingine. Na pale simu inakosa kabisa, relais communautaire wa kijiji anapewa jina la mtoto na kwenda mlangoni. Alipwe basi! Miaka yote tunawatumikisha wale wamama na wababa kwa tisheti na soda.

Kuna ugonjwa mwingine hatusemi kwa sauti. Familia nyingi zinaandikisha namba ya uongo. Si ujinga. Ni kwa sababu wanaogopa deni. Munajua wote namna wamama wanashikwa lopitali na watoto wao mpaka bili ilipwe, wanalala chini kwenye korido wiki mbili baada ya mtoto kupona, na wengine wanatoroka usiku. Aliyetoroka atakupa namba yake? Na akiona namba ya lopitali inaita, atapokea? Atazima simu na kumushika mtoto kifuani. Kwa hiyo anayetaka kufuata watoto kwa simu aanze kwa kutenganisha kabisa simu ya muganga na simu ya kesi. Siku muganga wa watoto ataambiwa "ukimaliza kuuliza homa, ukumbushe na deni", kazi imekufa, na mtoto nyuma yake.

Na simu haina maana kama nyuma yake kuna mlango uliofungwa. Muganga amesikia kwa sauti ya mama kwamba mtoto hapumui vizuri, amesema kuya leo. Mama anafika saa moja ya usiku, anaulizwa: "Uko na feza ya fishi? Kosyo iko wapi?" Hapo telemedisini imekuwa ni njia ya kumwita mtu aje kufia kwenye barriere. Tunataka kitu moja kinachoeleweka: mtoto wa chini ya miaka mitano aliyetoka lopitali, akirudishwa kwa simu ndani ya miezi sita, anapokelewa bila kosyo, anatibiwa kwanza. Musituambie Leta haijui kutangaza bure. Septemba 2023, Kinshasa, walizindua uzazi wa bure kwa mama na mtoto mchanga. Basi mtoto akiisha kuzaliwa bure, akifika miezi tisa anakuwa mtoto wa nani?

Pesa. Tutaulizwa pesa. Mwaka 2001 huko Abuja marais wa Afrika, Kongo ndani, waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kongo haijawahi kufika. Lakini mimi nataka kukumbusha kitu kidogo zaidi, kinachouma vizuri: RAM. Munakumbuka? Kuanzia 2020 mpaka mwanzo wa 2022, ukiingiza yunite, zinapunguka zenyewe. Dola moja kwa mwaka kwa simu ndogo, dola saba kwa simu ya 3G na kupanda. Leta iliweza kuingia ndani ya kila simu ya nchi hii, kilima kwa kilima, kujua ni ya aina gani, na kuchukua chake bila kutuma hata ajenti mmoja. Mtandao haukukosa. Lugha haikukosa. Tulipiga kelele, wakafuta. Njo maana mtu akiniambia kwamba kiufundi ni vigumu Leta kufikia simu ya mama wa Masereka, nacheka. Makampuni yale yaliyokata yunite zetu yanaweza kufungua namba ya bure ya kila zone ya afya, mama abipe na apigiwe bila kulipa kitu. Ministre wa mawasiliano na ministre wa afya wanakaa mji mmoja.

Na nyinyi wa ma projeti, tuwaambie pia. Tumechoka na tablete. Kila miaka miwili inakuja aplikasyo mpya yenye rangi nzuri, na semina siku tatu, na perdiem. Inahitaji simu kubwa, mega nyingi, na mama anayejua kusoma. Mwisho wa ufadhili tablete zinafungiwa kwenye kabati ya daktari mkuu, zinavimba batri. Kule Mbarara hawakuanzia kwenye aplikasyo ya mama. Walianzia kwenye kutambua mtoto gani yuko hatarini zaidi, kumufundisha mzazi kabla ya kutoka, kumupa vitu vidogo vya nyumbani, kumukumbusha, na wazazi waliorudi kwa muganga kwa wakati wakaongezeka. Hata utepe wa kupima mkono, ule wa rangi tatu, mama anaweza kufundishwa kuupima mwenyewe na kusema kwenye simu: "Bado nyekundu." Nyekundu ni chini ya milimita 115. Hiyo hata mimi niliyesomea uchumi nimeielewa.

Nani atapiga hizo simu? Sasa swali hili linatuhusu sisi wenyewe. Kila mwaka chuo kinatoa waganga vijana na wanakuja kukaa na sisi kwenye baranda, wanauza yunite, ndiyo, wanauza yunite! Wengine wako kwenye lopitali za Leta miaka mingi kama N.U., bila mshahara, wanagawana kile wagonjwa wamelipa. Mtu yule ukimwongezea kazi ya kupiga simu 40 bila kumulipa, utapata kitabu kilichojazwa jioni moja, namba zote nzuri, watoto wote wazima kwenye karatasi. Tunaijua hiyo sinema. Kazi hii iandikwe, iwe na jina, iwe na mshahara, na lopitali ionyeshe kila mwezi mbele ya watu: tulitoa watoto wangapi, tulipata wangapi kwa simu siku ya 7, tulikosa wangapi, wangapi walirudi, wangapi walikufa nyumbani. Ile namba ya mwisho tunaitaka zaidi kuliko zote, hata kama itatia haya.

Muganga mmoja rafiki yetu aliposoma hii kabla ya kuitoa alisema: "Simu haiko stetoskopi." Ni kweli, na hatusemi mtoto atibiwe kwa simu. Tunasema mama asiachwe peke yake kuamua saa sita za usiku, mvua inanyesha, amri ya kutotembea imepita, kama hii ni ya kungoja asubuhi ao ni ya kuamusha motari. Tangu Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na usiku barabara ni ya wenye silaha. Mama anayejua kwa hakika kwamba ni hatari atatafuta njia hata hapo. Asiyejua atangoja. Na kungoja njo kunatuua.

Sasa kazi yetu, wandugu. Usi-like tu na kupita. Kila mmoja wetu ana dada, shangazi, jirani aliye na mtoto lopitali wiki hii. Siku ya kutoka, usimwache peke yake kwenye keshi. Nenda naye. Muulize muganga aelezee ile karatasi kwa lugha ya mama, neno kwa neno, mama arudilie. Hakikisha wameandika namba mbili. Halafu uliza kwa heshima, lakini usitoke mpaka ujibiwe: nani atatupigia, siku gani, na sisi tukiwa na shida usiku tupige namba gani? Wakikupa jina, liandike. Wasipokupa, andika pia, tarehe, saa na servisi, bila jina la mtoto, na utuletee. Hizo karatasi tutazikusanya kartye kwa kartye, tutazihesabu, na tutazipeleka kwa daktari mkuu wa zone mkononi, tukiwa wengi, mchana.